Bolti Tatu za Trekta ya Baba

Kampi ya Moto,
Nakuru.
Jumatatu, 14 Aprili 2025

Mpendwa dada yangu Linah,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na mikono yenyewe, nikuambie mapema, ina makovu mapya ambayo naringa nayo. U hali gani huko Leeds? Miguu yako inaendeleaje na zile zamu za kusimama wodini tangu asubuhi? Na mwanao Maxwel je, amezoea kazi yake mpya au bado analalamika kwamba anaamshwa mapema? Jackie ananiambia kwamba hata mwezi huu wa nne huko watu bado huvaa glavu. Poleni sana.

Sisi huku tu wazima. Mama ni mzima, ila goti la kushoto humsumbua mawingu yakikusanyika, na kwa kuwa mawingu yamekusanyika karibu kila siku tangu mwisho wa Machi, amelalamika kwa furaha. Wifi yako Chelagat anasema kakako, yaani mimi, amekuwa mtu wa kuvumilika tena. Ng'ombe yule mweusi amezaa ndama jike.

Barua hii anakuletea Jackie, yule binti wa jirani yetu anayerudi chuoni huko Alhamisi. Ningeweza kuandika kwenye kundi letu la WhatsApp, lakini unajua mdogo wetu Kemboi anavyojibu kila jambo kwa alama ya kidole gumba. Jambo hili ni kubwa kuliko kidole gumba.

Habari yenyewe ni hii: trekta ya Baba inalima. Ekari zote tisa zimelimwa, zimepandwa, na mahindi yameota. Karatasi ya kukodisha shamba haikutiwa kidole. Umesoma vizuri, huhitaji miwani mingine. Najua Kemboi alikupigia simu akakupa hadithi fupi, na hadithi fupi za Kemboi zina tabia ya kumwacha nje mtu aliyefanya kazi, kwa hiyo kaa chini nikupe ndefu.

Tena uliniuliza kwa niaba ya Maxwel anunue vifaa gani vya kutengenezea lile gari lake la kwanza nyumbani, na mimi nikakaa miezi mitatu bila kujibu. Jibu lake limo humu ndani. Ungeniuliza mwaka jana ningekujibu siku hiyo hiyo, kwa mistari miwili, na ningempotosha mtoto.

Yalianza Januari. Pampu ya maji ya trekta ilianza kudondosha, kwanza tone moja moja, halafu ikawa injini inachemka kabla hata sijamaliza kona moja ya shamba. Nilikuwa nimestaafu mwaka mmoja, Chelagat alikuwa ameanza kunitafutia kazi za kunitoa jikoni kwake, na nikasema pampu ni kitu cha bolti nne tu. Nikanunua pampu mpya. Halafu nikaenda kununua vifaa.

Linah, ungeiona ile seti. Niliinunua mjini Nakuru kwa mtu aliyetandaza bidhaa kando ya barabara: vipande mia moja na ishirini ndani ya sanduku jekundu la plastiki, kila kimoja kimelala kwenye shimo lake, vinang'aa mpaka unaona meno yako. Nilipofika nyumbani sikuipeleka kwenye trekta. Niliiweka sebuleni siku mbili, wageni waione. Hata mchungaji alipopita kutuombea nilimfungulia sanduku.

Baadaye nilivihesabu vizuri. Kati ya vile vipande mia moja na ishirini, zaidi ya themanini vilikuwa vichwa vya bisibisi vya maumbo ambayo sijayaona kwenye chombo chochote tangu nizaliwe. Soketi zenyewe, vile vikombe vya chuma vya kuvisha kichwa cha bolti, zilikuwa chache, nyepesi, na kuta zake nene kama za sufuria ya bei rahisi. Basi hilo liwe la kwanza kwa Maxwel: asinunue idadi. Idadi ni ya kuwaonyesha wachungaji.

Siku ya tatu nikaingia kazini. Soketi ya milimita kumi na mbili ilikataa kuingia kwenye bolti za pampu. Ya kumi na tatu iliingia, ila ilikuwa inacheza kidogo, kidogo sana. Mimi, mwalimu wa hesabu wa miaka thelathini na moja, nikasema inatosha. Ilikuwa karibu, na siku hiyo karibu nikaiita sawa.

Nikavuta. Ikateleza. Nikavuta kwa nguvu, ikateleza tena na ngozi ya vidole vyangu viwili ikabaki kwenye rejeta. Unanijua nikikasirika. Nilichukua kipande cha bomba la maji nikakichomeka kwenye racheti, ule mpini wenye meno unaozungusha soketi, ili niongeze nguvu, nikaning'inia hapo na kilo zangu zote. Racheti ikapasuka ndani, meno yake madogo yakamwagika kwenye majani. Nilipoinama kutazama, bolti tatu kati ya nne zilikuwa zimepoteza pembe zake na vichwa vimeviringika kama vifungo vya koti. Ya nne niliiacha kwa sababu sikuwa tena na kitu cha kuishikia.

Hapo ndipo mambo ya familia yalipoingia. Unakumbuka mwaka jana tulivyongojea trekta ya kukodi. Mvua ikinyesha, kila mtu bonde zima anaitaka siku hiyo hiyo, na sisi tulifikiwa tarehe kumi na tisa Mei. Tulivuna mabua. Kwa hiyo Kemboi aliposikia nimeua bolti, alikuja kutoka kazini kwake Olkaria siku ya mapumziko, akazunguka trekta mara mbili, akaniuliza kama ninajua ni nani atamlisha Mama. Simlaumu. Aliuliza kwa sababu alikuwa na hofu.

Alikuwa pia na mtu. Jeff wa Free Area, yule mwenye pikapu nyeupe anayekodi mashamba ya watu kulima vitunguu, alikuwa tayari kulichukua shamba letu lote kwa miaka mitano. Ukaja ule mkutano wetu wa simu wa Februari, wewe ukiwa kwenye mapumziko ya zamu, na ukasema mbele ya wote: "Mwalimu amezoea chaki. Hii mambo ya spana aachie wenyewe." Watu walicheka mpaka simu ikakwama. Nami nilicheka. Kisha nikaandika maneno hayo nyuma ya kalenda, na tarehe.

Tukakubaliana, na wewe ukiwemo. Ikifika Jumamosi tarehe ishirini na tisa Machi na trekta hailimi, Mama anatia kidole kwenye karatasi, Jeff anachukua shamba, na trekta inauzwa kwa kilo kwa watu wa vyuma chakavu. Mama alikuwa amekaa pale pale akisikiliza. Alihesabu kwa vidole kuanzia umri wake, themanini na tatu, akafika themanini na nane. Jioni hiyo aliingia jikoni kutazama yale mahindi ya mbegu anayoyaning'iniza juu ya moto, akayapangusa masizi moja moja, akayarudisha. Mimi ndiye niliyekosa usingizi.

Wa kwanza niliyemwendea alikuwa Wasike, jirani yetu anayechomelea milango ya vyuma. Alikuja na miwani yake myeusi, akatazama, akasema anaweza kuzikata zile bolti kwa moto au kuchomelea nati juu ya kila kichwa. Halafu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akasema chuma kile cha zamani cha injini kikipata moto vibaya kinaweza kupasuka, na kikipasuka hakuna tena trekta. "Mimi naweza jaribu, Mwalimu, lakini kama ingekuwa ya babangu singejaribu," akaniambia. Akanielekeza kwa mwanamke mmoja mjini anayeitwa Umaima.

Duka la Umaima liko nyuma ya soko, jembamba kama korido. Lilikuwa la marehemu babake, na kabla ya babake la babu, waliotoka Pwani zamani za reli. Ukiingia unaona spana zimetundikwa ukutani bila sanduku lolote linalong'aa. Nilifika saa saba mchana na jua, nikaketi kwenye kigoda, na kabla sijaeleza shida nikauliza kama kuna mahali karibu pa chai. Akanielekeza kwa upole. Ndipo nikakumbuka kwamba ni Ramadhani na yule mama alikuwa hajaonja hata maji. Niliona haya jamani. Nikakaa bila chai mpaka tulipomaliza, na tulikaa saa mbili na nusu.

Nilikuwa nimebeba soketi yangu ya kumi na tatu na bolti moja nzima niliyoitoa kwa shida kwenye boneti, ya saizi ile ile. Aliivisha soketi kwenye bolti, akaitikisa karibu na sikio lake kama mtu anayesikiliza yai. Kisha akachukua kipimo chake cha chuma, akabana kichwa cha bolti, akanigeuzia nisome mwenyewe.

"Kumi na mbili nukta saba," nikasoma.

"Hiyo ni nusu inchi, Mwalimu. Hiyo trekta ni ya Waingereza wa zamani. Umetumia soketi ya Japani kwa bolti ya inchi, na wewe ndio umeiharibu, si kutu."

Linah, niache nikwambie jinsi nilivyojisikia. Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya watoto nikiwaambia inchi moja ni milimita ishirini na tano nukta nne. Nusu yake hata mtoto wa darasa la nne anaifanya kichwani. Nimewahi kumpa mtoto sifuri kwa kosa dogo kuliko hilo. Huku kwetu kila gari ni la Japani, kila soketi inayouzwa barabarani ni ya milimita, na haikunijia hata siku moja kwamba trekta iliyoundwa mwaka wa sabini na moja, huko huko unakoishi wewe, ilifungwa kwa kipimo kingine. Na Baba alikuwa akisema inchi mpaka siku anakufa, sisi tukimcheka.

Umaima alinihurumia. Alisema nusu ya wazee wanaokuja kwake na matrekta ya baba zao wamefanya vile vile, na wengine ni mafundi wenye gereji.

Kisha akaanza kunifundisha, na alinifundisha vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha mimi. Alinipa soketi mbili nizitazame ndani. Moja ina pembe kumi na mbili, huingia upesi kwenye bolti kila upande, lakini inashika kwenye ncha za pembe tu, ndiyo maana huzila. Nyingine ina pembe sita na inakumbatia ubavu mzima wa bolti. Kwa bolti ya zamani au yenye kutu, pembe sita, basi. Nilikuwa nimetumia kumi na mbili, tena ya saizi isiyo yake.

Alinipa nyingine mbili nizipime mkononi huku nimefumba macho. Iliyokuwa nzuri ilikuwa nzito, na bado ukuta wake ulikuwa mwembamba. Akaniambia chuma kibaya hufanywa kinene ili kisipasuke, halafu hakiingii kwenye nafasi finyu. Saizi iwe imechongwa kwenye chuma, isiwe imechapwa kwa rangi inayofutika kwa mafuta. Ndani kusiwe na utando wa kung'arishia unaobanduka kama ganda la kitunguu. Maxwel akishika kitu dukani kwanza atazame ndani, ndipo atazame nje.

Racheti alinifanya niizungushe polepole nikisikiliza. Ile mbovu inasema kwa nafasi, tak, kimya, tak. Nzuri ina meno mengi madogo, sauti yake ni ya kukimbia, na inaweza kufanya kazi hata mpini ukiwa na nafasi ndogo tu ya kusogea. Tena racheti si ya kufungulia bolti iliyogoma. Kuna mpini mrefu mnene usio na meno wa kazi hiyo, na ukishalegeza ndipo unachukua racheti. Nilimweleza habari ya bomba la maji na akafunika uso kwa mtandio wake. Nafikiri alikuwa anacheka.

Mimi bado nilikuwa natamani sanduku. Nilimwuliza kama hana seti nzima, kubwa. Akakataa kuniuzia. Alisema nyumbani mtu anatumia saizi saba au nane maisha yake yote, kwa hiyo ninunue hizo moja moja, za chuma kizuri, na nyingine nitazijua siku nitakapozihitaji. Nikatoka na soketi tano za inchi, za pembe sita, mpini mrefu, racheti moja, kipande cha kuongezea urefu, spana za ringi za saizi zile zile, tupa ya kuchongea chuma, na bolti nne mpya. Ukiacha ule mpini, zote zilienea kwenye mfuko wa unga wa kilo mbili. Nilipofika nyumbani Chelagat aliuliza vingine viko wapi.

Kitu kimoja zaidi alinipa, na hicho ndicho kilichotuokoa: soketi nyeusi nene ya milimita kumi na mbili, pembe sita, ya kugongelewa. "Hizo tatu umeziharibu, ya inchi haitazishika tena," akasema. "Chonga kichwa na tupa kidogo, gonga hii mpaka iingie kwa nguvu. Na usivute na hasira. Kaza kwanza kidogo, ndio ulegeze. Kaza, legeza. Itakuja."

Nilikuwa na siku tano. Siku tatu sikugusa kitu ila kuloweka zile bolti kwa dizeli iliyochanganywa na mafuta ya breki, asubuhi na jioni, na kuzigonga taratibu kwa nyundo ndogo. Watu walipita wakiniona nimekaa tu karibu na trekta. Kemboi alipiga simu akauliza nimefika wapi nikamwambia naloweka, akasema kwani ni maharagwe.

Ijumaa nikaanza. Ile ya nne, nzima, niliivisha soketi ya nusu inchi. Iliingia bila kucheza hata kidogo, kama kidole kwenye pete yake, na kwa mvuto mmoja wa mpini mrefu ikasema kwi na kulegea. Nilikaa chini kwenye nyasi. Bolti ile ile ambayo ningekwambia Januari kwamba imeoza. Nikachonga kichwa cha kwanza kati ya vile vitatu, nikagongelea soketi nyeusi, kaza, legeza, na ilipofika saa tisa ikatoka. Ya pili ikatoka saa kumi na moja. Jua likashuka nikiwa na moja imebaki, ile ya chini upande wa kulia, ambayo hata kuiona lazima ulale chali.

Kukipambazuka Jumamosi nilikuwa chini ya trekta. Ilikataa. Soketi ilishika vizuri, mpini ulikuwa mrefu, bolti ilikuwa kama imeota mle ndani. Saa mbili, saa tatu. Saa nne kasorobo nikasikia pikapu inaingia uani, na sikuhitaji kutoka kutazama. Viatu viwili vyenye rangi ya kiwi vikasimama karibu na gurudumu, hivyo vya Kemboi, na karibu navyo gambuti za Jeff. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti chake nje ya jikoni na kile kidau cha wino wameweka juu ya stuli kando yake.

Kemboi aliinama. "Mwalimu, toka sasa. Umejaribu, watu wote wameona."

Nitakuambia ukweli kwa sababu wewe ni dada yangu. Hasira ilinipanda mpaka macho yakaona giza. Kile kipande cha bomba kilikuwa pale pale kwenye nyasi tangu Januari, na mkono wangu ulikwenda ukakishika. Ningeongeza mvuto mmoja wa kilo themanini na tano, na kichwa cha ile bolti kingekatika, na mwili wake ungebaki ndani ya injini milele, na mimi ningekuwa nimemtilia Mama kidole mwenyewe. Nilikishika kwa muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu nikakitupa mbali kadiri nilivyoweza nikiwa nimelala, ambayo si mbali sana, kikagonga kiatu cha Kemboi.

Nikamwambia anipe nusu saa. Nikakaza kidogo. Nikalegeza kidogo. Nikatia mafuta, nikagonga, nikakaza tena. Nilihesabu kwa sauti kama ninavyohesabisha darasa la kwanza, na nilipofika arobaini na moja nikahisi kitu kidogo mno, chini ya upana wa unywele, kwenye kiganja. Sikuamini. Arobaini na mbili, ikasogea tena. Nikaanza kulia huko chini, Linah, mtu mzima wa miaka sitini na moja, mafuta ya breki yananidondokea kwenye masharubu. Ilitoka ikiwa ndefu, nyeusi, yenye kutu katikati tu, na nikaisukuma nje kwa mkono ili waione kabla hawajaniona mimi.

Jeff ndiye aliyeiokota. Baada ya hapo sijui niseme nini juu ya kijana yule ila mema. Alivua koti, akalala chini upande wa pili, na ndiye aliyenishikia pampu mpya mahali pake nilipokuwa nikifunga zile bolti mpya kwa mkono kwanza, kisha kwa racheti, bila kukaza moja kabla ya zingine. Wasike alileta betri aliyokuwa amenichajia. Tukajaza maji. Hakuna aliyezungumza juu ya karatasi.

Ilipofika saa sita na dakika kumi nikapanda kwenye kiti cha Baba. Ilizunguka, ikakataa. Ikazunguka, ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, na ikashika. Ile sauti, Linah. Ile sauti tuliyokuwa tukiisikia tukiwa shuleni, tukajua Baba yuko shamba la juu. Chelagat alipiga vigelegele, majirani wakatoka, na mimi nikasimama juu ya kiti nikiwa nimeinua mpini mrefu kama kombe. Chelagat anasema nilihutubia. Mimi sikumbuki nilihutubia nini. Nakumbuka tu kwamba jina lako lilitajwa, na chaki.

Tuliiacha ingurume nusu saa nzima huku nikiwa nimeweka kiganja chini ya pampu. Hata tone. Mkono ulitoka mkavu.

Mama aliinuka kwenye kiti, akachukua kile kidau cha wino pamoja na karatasi akamkabidhi Jeff mkononi, kwa adabu, kama anayemrudishia mgeni kofia aliyoisahau. Kisha akamgeukia mdogo wetu. "Kemboi, vua hivyo viatu. Panda juu ya jiko uniteremshie mbegu yangu." Na yule ofisa wa Olkaria akavua viatu na soksi, akapanda, akashuka na masizi usoni mpaka masikioni.

Mchana huo huo nililima ekari tatu, Jumapili baada ya ibada mbili, na Jumatatu nne zilizobaki. Usiku wa Jumanne mvua ikaanza, tukapanda nayo. Siku hiyo hiyo trekta ya kukodi ilikuwa imeshaahidiwa kwa watu kumi na wanne. Jeff naye amepata shamba jingine ng'ambo ya barabara, na nani unadhani anamlimia? Alikuja kuniuliza niliponunua soketi, nikampeleka kwa Umaima mwenyewe. Nilimpelekea Umaima galoni ya maziwa ya Idi, akaniuliza kama bomba langu bado lipo.

Sasa mwambie Maxwel hivi. Kabla hajanunua kitu apime bolti za gari lake, asikisie kwa macho. Anunue chache, nzito, za pembe sita, na mpini mrefu. Soketi ikicheza kwenye bolti, hata kidogo sana, aitoe, hiyo si yake. Na akikasirika, aende akanywe chai. Lile sanduku langu jekundu mwambie nimempa Chelagat, anatunzia vifungo na sindano, na linafanya kazi hiyo vizuri sana.

Kemboi anakusalimu na anasema jeraha la mguu, pale bomba lilipomgonga, limepona. Chelagat anakusalimu sana. Wasike na mkewe Fancy wanakusalimu. Watoto wa hapa wanauliza shangazi anakuja lini. Mungu akulinde kwenye hizo zamu, akuongezee nguvu, na akupe majirani wema kama alivyotupa sisi.

Nimemsomea Mama barua yote. Alisikiliza, akasema nimejisifu kupita kiasi, halafu akaniambia nisome tena pale bolti ilipotoka. Kila asubuhi anakwenda na fimbo yake kutazama mistari, na palipo na pengo anafukia punje kwa kisigino. Ameniagiza niandike maneno yake kama alivyoyatamka, na haya hapa: "Mwambie Linah zile pesa za unga anazonitumia kila mwezi, ikifika Novemba aache. Anunue koti zito. Mimi nitakula changu."

Ni mimi kakako akupendaye, mwenye grisi kwenye kucha,

Mwalimu Bethwel